Chupa za Jumatatu

Ambroise alikuwa na wiki ya sita tangu apotee, na bado alikuwa hajachelewa kazini hata siku moja.

Ushahidi ulikuwa pale pale, kwenye daftari la mahudhurio la maabara ya maji. Jumatatu, yupo. Jumanne, yupo. Jumatano, yupo, tena kwa mkono wa mkuu wa maabara mwenyewe, Mzee Dawudi, aliyeandika neno hilo kila asubuhi bila kuinua macho. Wenye uhai walichelewa. Mmoja aliumwa malaria, mwingine alifiwa, mwingine alikwama kwenye foleni ya sabuni tangu alfajiri. Lakini Ambroise, ambaye mara ya mwisho alionekana akisukumwa ndani ya buti la Peugeot nyeupe nje ya lango la kiwanda cha ngozi, akaacha kiatu kimoja barabarani, huyo ndiye aliyekuwa mfanyakazi bora wa mwaka.

Barua ilitoka juu. Kulikuwa na Tume iliyoundwa kuuliza habari za watu waliopotea, na wakubwa walitaka Tume ikute kwamba hakuna aliyepotea. Kwa hiyo kama una mtu aliyepotea ofisini kwako, mtafute, umpate. Mzee Dawudi alimtafuta Ambroise, akampata kwenye daftari.

Hilo Tajudin, mpimaji wa maji pale maabara, angeweza kulizoea. Kampala ya mwaka ule wa sabini na nne ilimzoesha mtu mengi: chai bila sukari, salamu bila swali la pili, jirani aliyekuwa na baba jana na leo hana, na hakuna anayetandika mkeka wa matanga kwa kuwa kulia nako kulihitaji kibali. Tajudin alikuwa mtu wa mzaha. Mzaha kwake ulikuwa kama mwavuli uliotoboka, hauzuii mvua, ila unakupa kitu cha kushika. Kilichomshinda kuzoea ni chupa.

Kila Jumatatu alipofungua dirisha la nyuma la maabara, aliikuta kizingitini. Chupa ya serikali, yenye kizibo cha kioo, imefungwa kwa uzi wa mgomba kama alivyozifunga Ambroise peke yake katika Uganda nzima. Na lebo ya karatasi: *Bomba la kiwanda cha ngozi. Saa moja asubuhi. A.*

Jumatatu hii ilikuwa ya sita.

"Itupe," alisema Mzee Dawudi, amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Nitupe sampuli yenye tarehe na saa, mzee? Si ni kanuni yako mwenyewe? Ikija na lebo, inapimwa."

"Sampuli ya nani?"

"Ya Ambroise. Si yupo kazini?"

Mzee Dawudi aliangalia dirisha, akaangalia dari, kana kwamba dari nalo lilikuwa na mshahara wa wapelelezi. "Tajudin, ssebo, huo mdomo wako utatuzika."

"Utanizika mimi tu, mzee. Halafu wewe utaniandika yupo."

Hakucheka hata mmoja wao. Tajudin aliichukua chupa kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado na baridi ya bondeni.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Maji nayo yana pumzi. Unaipima pumzi hiyo siku ya kwanza, kisha unaifungia chupa kabatini, gizani, siku tano, bila kuigusa. Ukifungua, unapima pumzi iliyobaki. Maji safi hutoka gizani bado yanapumua. Maji machafu hutoka yamekata roho, kwa sababu uchafu umekula hewa yote humo ndani. Miaka saba Tajudin alifunga na kufungua kabati lile akipiga miluzi. Siku hizi alipogeuza ufunguo aliacha kupiga miluzi. Aliwaza watu wengine waliofungiwa gizani mahali pengine mjini, ambao hakuna aliyewahesabia siku ya tano.

"Kuna jambo jingine," alisema Mzee Dawudi. "Cheti cha kiwanda cha ngozi."

Kanuni zilikuwapo, zilizoandikwa vizuri kabisa, na zilikaa kwenye faili. Kiwanda hakimwagi maji mtoni mpaka yapite kwenye mabwawa matatu ya kutulizia taka, na kila mwaka kinakaguliwa na kupewa cheti. Mhindi aliyekijenga kiwanda aliyachimba mabwawa yake huku akilalamika. Alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, kiwanda kikapewa Kapteni Jafar, ambaye habari zake za ngozi ziliishia kwenye buti lake la jeshi.

"Anataka mkopo wa mashine kutoka benki moja ya ng'ambo," Mzee Dawudi aliendelea. "Wazungu wa benki wamesema, hakuna cheti cha maji, hakuna mashine. Keshokutwa utakwenda kukagua. Jumamosi anakuja hapa mwenyewe, nawe utatia sahihi. Kwenye cheti, mahali pa mkaguzi wa eneo. Mimi muhuri nimeshaupaka wino."

"Eneo lile la Ambroise. Na Ambroise alikataa kusaini."

"Ambroise yupo kazini!" Mzee Dawudi alisema kwa sauti kubwa, akiwaambia wasiokuwapo. Kisha akanong'ona, "Una mtoto, Tajudin. Mwenzako hakukumbuka kwamba ana mke."


Nyumbani Bukoto mabomba yalikuwa yamekauka wiki ya tatu. Maji yaliletwa kwa baiskeli na mchuuzi aliyeapa kwamba ni ya chemchemi, ingawa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi na povu lisilotaka kufa. Mariamu, binti yao wa miaka sita, alikaa kizingitini miguu juu ya kiti, vidonda vimempasuka katikati ya vidole.

Salme, mkewe Tajudin, hakumpokea mfuko wala hakumpa pole. Alielekeza kidevu mezani. Juu ya meza kulikuwa na kilo mbili za sukari nyeupe na mche mzima wa sabuni. Tangu Ramadhani nyumba ile ilikuwa haijaviona pamoja.

"Dereva wa Kapteni," alisema. "Kasema ni vya cheti. Cheti gani, Baba Mariamu?"

"Umeonja?"

"Nimeonja. Tamu. Ndiyo maana naogopa."

Tajudin alikaa. Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, huku redio ya jirani ikipiga muziki wa bendi. Salme alikuwa binti wa Mwalimu Kasim, aliyefundisha Kurani kwenye msikiti mdogo wa bondeni, chini ya Kyambogo, na alikuwa na tabia ya baba yake ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayepima herufi.

"Baba kafunga birika la msikiti juzi," alisema. "Anasema maji yakibadilika rangi, au ladha, au harufu, hayamtawadhishi mtu. Haya yamebadilika vyote vitatu. Watu wanatayamamu kwa vumbi, Baba Mariamu, na mto unapita mlangoni!"

"Mzee kanishinda. Mimi nina kabati, nina mizani, nangoja siku tano. Yeye ana pua tu, keshamaliza."

"Usinichekeshe. Ukisaini?"

"Bomba linabaki wazi. Bonde zima linakunywa. Na sisi." Aliiangalia miguu ya Mariamu.

"Usiposaini?"

Tajudin alifungua mdomo akitafuta mzaha. Mwavuli haukufunguka.

"Usiposaini," Salme alimalizia, "utaandikwa yupo."

Sukari ilikaa mezani siku nzima ya Jumanne. Hakuna aliyeitia kwenye chai, na hakuna aliyethubutu kuitupa.


Jumatano alikwenda. Pale palipokuwa na mabwawa matatu hapakuwa na bwawa. Yalikuwa yamejazwa vifusi, juu yake Kapteni akajenga klabu ya kuchezea dansi, bati jipya na taa za rangi. Bomba lilipita chini ya sakafu ya dansi, likatoka upande wa pili na kumwaga kila kitu kijitoni: chokaa, maji ya magome yanayotia ngozi rangi ya kahawia, na nywele za ng'ombe zilizoelea kwa vishungi kama ndevu za wazee waliozama. Harufu ilikuwa ya yai lililosahaulika. Matete ya ukingoni yalikuwa yamesimama makavu ndani ya maji.

Kapteni Jafar alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya upole. Hiyo ya upole ndiyo iliyotisha.

"Wewe iko mtu ya maji?"

"Ndiyo, afande."

"Maji iko safi?"

"Afande, yana rangi kidogo."

"Rangi hapana uchafu. Hata wewe iko na rangi."

Askari walicheka. Tajudin naye alicheka. Mwenye bastola kiunoni hajawahi kutoa mzaha mbaya.

"Yule ya zamani, Ambroise, ilikuwa mtu ya matata," Kapteni alisema, akitembea naye ukingoni kama marafiki wawili. "Lakini iko hai. Mimi nimeandikia Tume. Nimesema huyu mtu hapana potea, iko kazini kila siku. Nimeweka sahihi yangu mwenyewe. Wewe nasikia?"

"Nasikia, afande."

Kapteni alisimama karibu na bomba. "Askari yangu hapana taka kulinda hapa Jumatatu. Nasema asubuhi, kwa ukungu, naona mtu na kabuti ya serikali. Nachota maji, naandika, naenda. Wewe najua hiyo mtu?"

Tajudin alirudi hatua moja kutoka kwenye bomba. "Sijui, afande."

"Mimi najua yeye hapana..." Kapteni alikata neno, akatema mate mtoni. "Yeye iko hai," alisema haraka. Kisha macho yake yakashuka, yakatua chini. "Hiyo kiatu nanunua wapi?"

"Hapa hapa, afande. Zamani."

"Kwa Muhindi?"

"Ndiyo, afande."

"Mali ya Muhindi ni mali ya kiwanda. Vua."

Tajudin alidhani ni mzaha, akaanza kucheka. Alikuwa peke yake. Aliinama, akafungua kamba, moja, ya pili. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia nje, na hapo askari wakacheka kweli kweli. Dereva wa Kapteni alivichukua viatu, akaviangalia nyayo kama mtu anayenunua.

"Jumamosi," alisema Kapteni kwa upole. "Leta kalamu."


Hakupita barabara ya Naguru. Huko watu walimjua, na mwanamume wa ofisi akitembea bila viatu mwaka ule, watu walivuka upande wa pili, wakidhani ametoroka mahali. Alifuata njia ya bondeni, miongoni mwa migomba, mawe yakimfundisha adabu.

Nyuma ya chumba kimoja cha udongo aliona kitu kilichomgandisha. Kwenye kamba ya kuanikia nguo kulikuwa na kabuti la serikali, la kijani, mfuko wa kushoto umeshonwa kwa uzi mweupe. Tajudin aliujua ule uzi. Yeye ndiye aliyemcheka Ambroise siku alipoushona. Mikono ya kabuti ilipunga polepole kwenye upepo. Chini yake, juu ya vijiti, chupa tatu za maabara zilikuwa zimepinduliwa zikauke.

"Shemeji Tajudin!" Mwanamke alitoka na karai mkononi. Alikuwa Perpétue, mkewe Ambroise. "Viatu iko wapi?"

"Vimekamatwa, shemeji. Vinahojiwa."

Perpétue alicheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, kikavu, cha mtu ambaye hajacheka kwa wiki sita, na kilipokwisha, machozi yalikuwa yameshafika shingoni. Alimwekea kigoda. Alipoketi naye, kitenge kilipanda kidogo, na Tajudin akaona kwenye miguu yake yote miwili, chini ya goti, mstari wa kahawia ulioizunguka kama bangili.

"Ni wewe," alisema. "Ewe mama, ni wewe! Mimi huko nasoma Ayatul Kursi kila Jumatatu nikidhani ni mzuka."

"Bwana yangu alinifundisha," Perpétue alisema. "Unasuuza chupa mara tatu na maji ile ile ya mto, kisha unajaza, hewa isibakie juu hata kidogo. Alisema mimi ninafunga vizuri kumushinda." Aliangalia kabuti. "Padri aliniambia tufanye misa. Nilikataa. Nikifanya misa, nimesema amekufa, na watakuja kuniuliza, nani alikuambia? Basi ninafanya kazi yake. Siku chupa itakosa, siku hiyo ndiyo atakuwa amekufa."

"Wakikukuta pale?"

"Wananikimbia, shemeji. Askari na bunduki yake, anakimbia kabuti." Aliufuta mguu kwa kiganja, mstari haukutoka. "Nimejaribu ndimu. Nimejaribu mchanga. Ngozi ya ng'ombe na ngozi ya mtu, ile maji haioni tofauti." Aligeukia zile chupa zilizopinduliwa. "Unazipima kweli?"

"Nazipima."

"Zinasema nini?"

"Zinatoka gizani zimekufa." Alitamani alirudishe neno, lakini lilikuwa limeshafika.

Perpétue alitikisa kichwa polepole. "Zote?"

"Zote."

"Basi uandike," alisema. "Usiache hata moja."


Jumamosi alifungua kabati. Chupa ya sita ilitoka kama zile tano: haina pumzi hata chembe. Aliandika sifuri, akaiweka rafuni pamoja na wenzake, lebo zikiangalia nje. *A. A. A. A. A. A.*

Kapteni alifika saa nne na dereva wake. Dereva alikuwa amevaa viatu vya Tajudin, vimepakwa rangi vikang'aa kuliko vilivyowahi kung'aa kwa mwenyewe. Tajudin alikuwa na kandambili. Mzee Dawudi alisimama kando, muhuri mkononi, jasho limemtambaa mpaka kwenye kola.

"Saini," alisema Kapteni.

Tajudin alikishika cheti. Usiku wote Salme hakuwa amemwambia saini wala usisaini. Alikuwa amemwambia jambo moja tu, alipokuwa akivaa: "Kapteni mwenyewe si kasema yupo? Mwachie aliyepo." Alikuwa amelichukulia neno hilo kama maneno ya mke aliyekosa usingizi. Sasa, akiwa na kalamu mkononi, akaona lilivyokaa.

"Afande," alisema, na sauti ikatoka nyembamba, "hii sahihi si yangu."

"Ya nani?"

"Pameandikwa mkaguzi wa eneo. Bonde lile ni eneo la Ambroise." Aligeuka. "Mzee Dawudi, Ambroise yupo?"

Mzee Dawudi aliuweka muhuri mezani. Alitazama daftari lake kana kwamba lilikuwa limemuuma. "Daftari... linasema yupo."

"Na afande mwenyewe ameiandikia Tume kwamba yupo. Kwa sahihi. Mimi nikisaini mahali pake, nitakuwa nasema hayupo. Nitakuwa nimempinga afande mbele ya Tume." Alikiweka cheti mezani, akakinyoosha taratibu. "Mimi ni nani nimpinge afande?"

Mkono wa Kapteni ulishuka kiunoni, ukapumzika pale. Saa ya ukutani ilipiga hatua zake. Tajudin alimwona Mariamu, miguu juu ya kiti. Alisikia harufu ya rangi ya viatu vyake mwenyewe.

Macho ya Kapteni yalipanda rafuni. Alisogea. Alisoma lebo ya kwanza, ya pili, akafika ya mwisho.

"Hii naandika nani?"

"Ambroise, afande."

"Lini?"

"Jumatatu hii. Saa moja asubuhi."

"Mimi mwenyewe nime..." alisema Kapteni.

Neno lilibaki limening'inia. Watu watatu walingoja alimalize: Tajudin, Mzee Dawudi, na dereva, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Kapteni alifunga mdomo. Kwenye paji la uso wake palikuwa pametokeza jasho, dogo dogo, kama ukungu kwenye chupa.

"Yeye natasaini lini?" aliuliza hatimaye, na kwa mara ya kwanza sauti haikuwa ya upole.

"Alishaandika, afande. Barua iko kwenye faili. Mabwawa matatu yakirudi, anasaini."

"Mimi nachimba moja."

"Yalikuwa ma—"

"Moja!" Kapteni alipiga meza, chupa zikagongana rafuni, zikalia. "Moja, na benki nangoja. Halafu Tume naisha. Kila kitu naisha. Halafu wewe na mimi naongea."

Alitoka. Dereva alikawia kidogo mlangoni, akainua mguu mmoja, akakunja uso. "Vinabana," alimwambia Tajudin, kwa lawama, kisha akakimbia kumfungulia bwana wake gari.

Mzee Dawudi alikaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Baada ya muda alivuta daftari, akatafuta jina la Tajudin, akaandika mbele yake *yupo*, na akaupuliza wino ukauke upesi.


Bwawa lilichimbwa. Klabu ilipoteza nusu ya sakafu yake ya dansi, na wachezaji wakabaki kujibana ukutani wakilinusa. Chupa ya Jumatatu ya kumi ilipofunguliwa Jumamosi, Tajudin alirudia kipimo mara mbili, hakuamini. Pumzi ilikuwapo, kidogo sana, kama ya mgonjwa aliyekataa kufa mbele ya warithi. Lakini ilikuwapo. Vidonda vya Mariamu vilianza kufunga. Msikitini Mwalimu Kasim alionja, akatema, akasema, "Harufu imetoka. Yamebaki mawili."

Tume iliendelea kusikiliza. Kila siku iliyoendelea ilikuwa siku moja zaidi ya uhai kwa Tajudin.

Kisha kaka yake Perpétue akaja kutoka Bukavu kumchukua. Askari walikuwa wameanza kuulizauliza mlango kwa mlango kuhusu kabuti la kijani. Kabla ya kuondoka Perpétue alipita Bukoto na furushi, akakaa jikoni na Salme muda mrefu, wakinong'ona kama wasichana.

"Huko kwetu Zaire wamekataza majina ya ubatizo," alimwambia Tajudin alipomsindikiza hadi njiani. "Nikivuka mpaka, hakuna tena mutu anaitwa Perpétue."

"Huko wanachukua jina, wanakuachia mtu," alisema Tajudin. "Bora."

Alicheka kidogo, akaondoka mikono mitupu. Tajudin hakuuliza furushi limebaki wapi.

Jumatatu iliyofuata alifika kazini mapema kuliko wote. Alitaka kuwa peke yake atakapokikuta kizingiti kitupu. Alikuwa ameshaandaa hata la kusema: *Inna lillahi*, kwa sauti ndogo, kwa ajili ya Mkristo mmoja ambaye hakuliliwa na mtu. Alifungua dirisha.

Chupa ilikuwapo. Uzi wa mgomba, kizibo cha kioo, maji hadi juu bila povu la hewa. *Saa moja asubuhi. A.*

Alishika ukingo wa dirisha. Mtu aliyekuwa akiitwa mzuka alikuwa Bukavu. Sasa huyu alikuwa nani? Siku nzima hakusema mzaha hata mmoja, mpaka Mzee Dawudi akamuuliza kama anaumwa.

Alasiri alimkuta Salme uani, kwenye kigoda, akitawadha kwa maji ya mvua waliyoyakinga. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na kabuti la kijani, mfuko wa kushoto umeshonwa kwa uzi mweupe, pindo zake bado mbichi. Salme aliosha uso, akaosha mikono, akapaka maji kichwani, akavuta kanga juu kidogo na kuosha mguu wa kulia. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Chini ya goti, mstari mwembamba wa kahawia uliuzunguka mguu wake kama bangili, nao ulibaki pale pale.

Tajudin alipiga magoti. Alilichukua kopo mkononi mwake, akammiminia mara ya nne, ambayo dini haikuidai, akasugua kwa kidole gumba. Mstari haukutoka.

"Mama Mariamu," alisema, "Jumatatu ijayo nitakwenda mimi."

Salme alimnyang'anya kopo, akaanza mguu wa kushoto.

"Wewe una kazi yako ndani," alisema. "Jumatatu huenda Ambroise."